Pumzi ya Watu: Kuzomewa kwa Kijana, Kutoka Vijiji vya Rika vya Rungwe hadi Simu ya Mkononi

Kiswahili hakina neno moja la jambo hili, na huenda hiyo si kasoro. Magazeti na maofisi husema uonevu wa mtandaoni, unyanyasaji wa mtandaoni, au udhalilishaji. Ni maneno mazito, lakini yote hutazama mkono wa mtendaji tu. Lugha ya watu hupambanua zaidi. Kumsengenya mtu ni kumsema akiwa hayupo. Kumzomea ni kumpigia kelele akiwa yupo, tena kwa wingi. Kumsimanga ni kumkumbusha wema aliotendewa mpaka wema huo ugeuke deni. Kumsuta ni kumkabili uso kwa uso na maneno aliyoyasema, mashahidi wakiwa wamekaa. Kila tendo limebeba ndani yake mahali pake na watu wake: nani yupo, nani hayupo, nani anasikia, nani anaweza kujibu.

Simu ya mkononi imeyavunja mapambanuo hayo. Jipya lililoletwa nayo si tusi, kwani tusi ni kongwe kuliko maandishi. Jipya ni kwamba yale yaliyokuwa yametengana sasa yamekutana: msengenywaji yupo penye kusengenywa kwake. Anayasoma yote, anaona ni wangapi wamecheka, anaona ni nani kati ya rafiki zake aliyenyamaza. Yupo kama mtu anayezomewa, ila hana pa kusimama akajibu, kama mtu anayesengenywa. Adhabu mbili zimefungwa katika moja, na anayezibeba mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano.

Ili kuyapima hayo, yafaa kukisoma upya kitabu ambacho hakikuandikwa kwa ajili yake. Ni Good Company cha Monica Wilson, kilichotoka mwaka 1951, juu ya Wanyakyusa wa wilaya ya Rungwe. Msomaji wa visiwani anaweza kuuliza Rungwe inahusiana vipi na pwani. Ni nchi ya milima na mvua, ya migomba na chai, na mji wake Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, uko kando ya barabara inayoshuka Kyela hadi mpaka wa Malawi. Lakini kitabu hicho kina jambo ambalo ni nadra kulipata kwingine likiwa limeandikwa kwa uwazi kama huo: nadharia kamili, ya wenyeji wenyewe, juu ya nguvu ya neno linalosemwa na wengi dhidi ya mmoja.

Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya kazi Bunyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na mjane ndiye aliyezigeuza daftari zao kuwa vitabu. Si haki kuyataja majina hayo mawili na kuacha la Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wao, ambaye maneno mengi ya wazee yalipita masikioni mwake kabla ya kufika kwenye daftari. Kila mfasiri anajua kwamba kitabu cha namna hii kina mwandishi wa pili.

Katika kitabu hicho Wanyakyusa husema kwamba majirani wakimwona mtu anatenda yasiyofaa, hunung'unika. Huenda amemvunjia heshima baba yake, au amewadhulumu jamaa zake, au amechinja na kula peke yake. Hawaendi kwa mganga, wala hawapigi ramli. Wanasema tu, usiku, kila mmoja na mwenziwe, na manung'uniko hayo yenyewe humshukia aliyekosa: mwili hupatwa na baridi, hushikwa na homa, hulala. Hiyo ndiyo inayoitwa pumzi ya watu. Neno lao la pumzi hiyo, embepo, ni ndugu wa upepo na pepo wa Kiswahili, na masikio ya pwani hayahitaji mkalimani kulielewa. Maneno ya wengi ni upepo baridi, nao huua.

Kwa msomaji wa leo, lililo zito katika maelezo hayo si imani. Ni fikra iliyo chini yake. Watu hao hawakulichukulia neno la kundi kuwa jambo dogo. Hawakusema, kama wasemavyo wazazi wengi leo, kwamba ni maneno tu na hayatoboi mwili. Walishika kinyume chake: kwamba maneno ya wengi yanaingia mwilini. Binti asiyekula siku tatu baada ya picha yake kusambazwa, asiyetaka kwenda shule, asiyelala, angeeleweka mara moja na mzee wa Kinyakyusa wa mwaka 1935. Asingemwambia azime simu. Angeuliza: ni nani wanaomsema, na kwa lipi?

Swali hilo la pili, kwa lipi, ndilo linaloifanya nadharia hiyo kuwa zaidi ya hadithi. Pumzi ya watu ilihesabiwa kuwa haki pale tu palipokuwa na kosa. Nguvu ile ile ikitumiwa kwa kijicho, au kwa uchu wa nyama na maziwa ya mwenzako, haikuitwa pumzi tena: iliitwa uchawi. Walinzi wa kijiji na wachawi walisadikiwa kuwa na nguvu ya asili moja, na tofauti ilikuwa katika matumizi. Wilson, kwa uaminifu wa mwandishi mzuri, haufichi ugumu unaofuata. Mtu akiugua, ndugu zake husema amelogwa. Wasiompenda husema ni pumzi ya watu, amejitakia. Tukio moja lina majina mawili, kutegemea msemaji amekaa upande gani wa kitanda.

Hapo kitabu cha 1951 kinaizungumza leo bila kukusudia. Waulize vijana waliomwandama mwenzao katika kundi la WhatsApp kwa nini walifanya hivyo; jawabu ni mojawapo ya mawili. Ama watasema walikuwa wakimrekebisha, kwani alijiona, alijipiga picha isiyofaa, alimchukulia mwenziwe mpenzi. Ama watasema ulikuwa utani. La kwanza ni pumzi ya watu bila baraza la kuipima. La pili ni kulikosea adabu neno utani lenyewe, ambalo katika nchi hii lina mipaka inayojulikana: mtani ni mtu maalumu, wa kabila au ukoo maalumu, naye ana haki ile ile ya kukutania. Utani wa upande mmoja hauna jina hilo.

Nusu ya pili ya nadharia ya Wanyakyusa ni namna pumzi inavyokoma. Mgonjwa aliyejua kwamba majirani wamemkasirikia hakuachwa na baridi yake. Alitakiwa kukiri, kuwapa watu chakula na pombe, na wao walitakiwa kuja, wakae, kila mmoja atoe kwa sauti hasira aliyokuwa nayo. Jambo hili la kunena hasira hadharani Wilson analirudia katika kitabu baada ya kitabu, hadi vile vya ibada vya mwaka 1957 na 1959. Hasira iliyofichwa ndiyo inayodhuru. Iliyotamkwa mbele ya mwenyewe imekwisha nusu. Neno la kundi, kwa hiyo, lilikuwa na mwanzo, lilikuwa na sababu, na lilikuwa na mwisho. Neno la simu lina mwanzo tu. Picha iliyofutwa na aliyeituma imekwisha kuhifadhiwa na wengine kumi, nayo hurudi siku ya mahafali, au siku ya posa.

Kitabu kilipata umaarufu kwa jambo jingine: vijiji vya rika. Wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembezoni, wakaishi pamoja na wa umri wao. Huko wakakua, wakaoa, mpaka siku ya ubusoka, baba zao walipowakabidhi nchi. Watafiti waliofuata walihoji kama vijiji hivyo vilikuwa vimeenea na vya kale kwa kiasi alichokieleza Wilson, na mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1977, aliandika juu ya mabadiliko yaliyokuwa yameikumba jamii hiyo. Mabishano hayo yabaki kwa wenyewe. Linalohusu hapa ni sura ya watoto wanaoishi na watoto wenzao, mbali na macho ya wazee, na fadhila iliyotukuzwa huko, ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kuzungumza na kula pamoja kama watu sawa.

Kundi la simu ni kijiji cha rika. Lina mlango wake, mkubwa wake, lugha yake ambayo baba haijui, na furaha yake ya kweli, ambayo si haki kuibeza. Kijana wa Tukuyu ambaye mvua imemfungia ndani siku nzima wakati wa likizo yuko na rika lake kwa namna ambayo babu yake angeitambua. Lakini kijiji cha zamani kilikuwa na kamba iliyokifunga kwa watu wazima, nayo ilikuwa chakula. Wavulana hawakupika. Walikwenda kwa makundi kula kwa mama wa kila mmoja wao, nyumba baada ya nyumba, kwa zamu. Mtoto aliyekuja kula nyumbani peke yake, bila wenziwe, aliwatia wazazi wasiwasi na hasira: amefanya nini hata hana watu? Kwa njia hiyo nyepesi, bila mkutano wala uchunguzi, kila mama alijua jioni ni nani amekosekana. Aliyetengwa alionekana kwa kutokuwepo kwake kwenye sinia.

Katika kijiji kipya hakuna sinia. Mtoto anaweza kutolewa katika kundi saa mbili usiku akiwa amekaa mezani na wazazi wake, na wazazi wasione kitu ila kwamba ameiweka simu chini. Shule nyingi zimeshika kanuni ya kukataza simu, na kanuni hiyo ina hekima yake. Ila haizuii linalotokea nyumbani, na mara nyingine humzuia mtoto kusema, kwa kuwa kulalamika juu ya ujumbe ni kukiri kwanza kwamba alikuwa na simu.

Hata hivyo kitabu hicho kisisomwe kwa kukiabudu, na hapa ndipo kinapostahili kulaumiwa, au ndipo jamii iliyomo inapostahili kulaumiwa. Vijiji vya rika vilikuwa vya wavulana. Msichana hakuwa na kijiji; alikuwa na mume aliyechumbiwa mapema, na kazi. Ukwangala, raha ile ya walio sawa, ilikuwa raha ya wanaume. Hata pumzi ya watu ilielekea zaidi kuwalinda wakubwa: kosa lililotajwa sana ni la mdogo kwa mkubwa, la kijana kwa baba, la mke kwa wakwe. Mdogo aliyeonewa hakuwa na pumzi ya kutosha. Basi anayetaka kuurudisha utamaduni huo mzimamzima kama dawa ya simu atakuwa ameurudisha pamoja na ugonjwa wake, kwani leo picha ya msichana ndiyo inayosambazwa kwa kasi, na msichana ndiye anayeulizwa alikuwa anatafuta nini.

Serikali imelijibu jambo hili kwa sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo, inakataza katika kifungu cha 23 kumtumia mtu mwingine mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ni vyema kifungu hicho kipo. Lakini maandishi ya sheria nayo ni maandishi, na yanaweza kusomwa kama yasomwavyo mengine.

Kisomwe, basi. Kifungu kinawaona watu wawili: mtumaji na mtumiwa. Kimechorwa kwa mfano wa barua ya matusi. Lakini anayezomewa kwenye simu mara nyingi hakutumiwa kitu. Ujumbe ulitumwa kwa wengine, juu yake. Kifungu kinatafuta nia. Waliousambaza watasema hawakuwa na nia yoyote, waliona wakapeleka mbele. Sheria inamtafuta mmoja aliyeanza, ilhali maumivu yanatoka kwa arobaini waliocheka. Aidha, sheria iliandikwa kwa Kiingereza, na neno lililotumika huko halina mwenziwe katika Kiswahili. Ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipopitisha kwamba lugha ya sheria za nchi iwe Kiswahili. Mtoto wa kidato cha pili hawezi kuogopa kosa ambalo jina lake halijamfikia.

Kisha kuna kiwango. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Mwonevu wa miaka kumi na mitano hawezi kwenda jela miaka 3, na haifai aende. Inabaki milioni 5, ambazo atakayeziuzia shamba ni baba. Kwa hiyo sheria inanguruma pale isipoweza kung'ata, na wazazi wa pande zote mbili, wakijua hivyo, hukutana usiku, hulipana kidogo, na huyamaliza bila mtoto aliyeumizwa kuitwa.

Kesi ya Tukuyu iliyojulikana nchi nzima haikuwa ya mtoto aliyezomewa. Tarehe 4 Julai 2024, Mahakama ya Wilaya ya Rungwe ilimtia hatiani, chini ya sheria hiyo hiyo ya mtandao, kijana mchoraji wa miaka 24, kwa video ya TikTok ambamo alichoma picha ya Rais na kutoa maneno makali. Alihukumiwa kwenda jela miaka 2 au kulipa milioni 5. Watu walimchangia fedha, akatoka. Mwezi uliofuata familia yake iliripoti kwamba amechukuliwa na watu wasiojulikana. Kusema hivi si kuyasifu maneno ya kijana huyo. Ni kuuliza swali lile la Wanyakyusa: pumzi inamlinda nani? Tusi linalopanda kuelekea juu lilipata polisi, mahakama na hukumu. Linaloshuka, la wengi juu ya msichana mmoja, linangoja mtu wa kulipeleka kituoni, na mtu huyo ni yeye mwenyewe aliyefedheheshwa, atakayetakiwa kuionyesha tena picha ile ile kwa mgeni. Na kijana anayeona hivyo hujifunza kwamba sheria ya maneno ni ngao ya wenye nguvu. Akiisha kujifunza hilo, haiheshimu tena.

Pwani haina haki ya kuitazama bara kwa juu katika jambo hili, ila ina ushahidi wa kuongeza. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyefariki mwaka 1950, alipoanza kupata jina mjini Unguja aliimbwa kwa kejeli: ushamba wake, umaskini wa nguo yake, na sura yake. Ulikuwa uonevu, tena wa hadhara, na haukuwa na huruma yoyote. Lakini ulikuja kwa wimbo, na wimbo unaweza kujibiwa kwa wimbo. Siti alijibu, na jawabu lake ndilo lililobaki midomoni mwa watu. Hilo halikuwa jambo la bahati. Fani ya kujibizana, kuanzia malumbano ya malenga hadi mipasho ya taarabu, ina kanuni iliyo wazi kiasi cha kutosemwa: anayerusha neno anajulikana, anayerushiwa ana zamu, na hadhira inahukumu kwa uzuri wa jawabu, si kwa wingi wa wapiga kelele. Fumbo lenyewe lilikuwa adabu, kwa maana lilimwachia mlengwa nafasi ya kujifanya hakuelewa.

Vivyo hivyo kusuta. Wanawake wa Unguja na Dar es Salaam wanajua siku ya kwenda kumsuta msengenyaji: maneno yaliyosemwa gizani huletwa mchana, kwa msemaji wake, na mashahidi wakitajwa. Kusuta nako kumekuwa mara nyingi kuzomea kwa jina jingine, ngoma na vigelegele juu ya mtu mmoja mlangoni pake. Lakini kiini chake na kiini cha kunena hasira cha Wanyakyusa ni kimoja. Vyote viwili vinashika kwamba neno baya haliponi kwa kufutwa wala kwa kufungiwa. Linapona kwa kurudishwa kwenye kinywa kilicholitoa, mbele ya yule lililomlenga, na mbele ya wale waliolisikia.

Hapo ndipo jawabu la jamii linapoweza kuanzia. Si kila kosa ni la mahakama. Picha za utupu, vitisho na ulaghai wa watu wazima kwa watoto ni mambo ya polisi, bila kusuluhishana usiku. Lakini lililo kubwa, uzomeaji wa kila siku baina ya watoto wa darasa moja, linataka baraza: mwalimu mmoja anayeaminika, wazazi, aliyeumizwa ikiwa ataridhia, aliyeanza, na hasa waliopeleka mbele. Hao wa mwisho ndio kijiji. Kila mmoja aulizwe kwa sauti, bila fimbo mezani, alipoupokea ujumbe alifikiri nini na aliupeleka kwa nani. Katika jambo hili wasichana wawe na sauti ambayo kijiji cha zamani hakikuwapa. Na mwishoni pasemwe kwamba yamekwisha, ili atakayeyafufua ajulikane kuwa yeye ndiye mkosaji mpya.

Mengine ni ya nyumbani, nayo ni madogo. Mzazi wa Tukuyu au wa Michenzani hawezi kusoma kila kilichomo katika simu ya mwanawe, na akijaribu atafundisha kuficha tu. Anaweza kufanya walilofanya mama wa Rungwe zamani: kuwaita rafiki za mwanawe waje kula, leo kwake, kesho kwa jirani, na kutazama nani hakuja.